Kisiki cha Mkunazi Kwenye Mlango wa Shamba

Jumanne, 27 Mei

Leo nimeitwa Mwalimu. Mimi, Qiu Mantang! Niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu ya hesabu za sehemu.

Ilikuwa hivi. Saiyun, mke wangu, alinitoa kitandani alfajiri akanikabidhi shoka na sururu. Kazi: kung'oa kisiki cha mkunazi kilichokaa katikati ya mlango wa shamba letu. Mashine ya kuvuna inakuja Jumanne ijayo, na ya mwaka huu ni pana kuliko ya mwaka jana. Haitapita. Alinieleza mara tatu, polepole, utadhani nimehamia kijijini jana. Ngano imeshageuka manjano. Mashine hupita kwetu siku moja tu, ikishapita inaelekea kaskazini, na huko hairudi hata uililie.

Nikapiga shoka mara tatu. Ya nne sikuifikisha. Saa tatu na nusu gari jeupe likasimama barabarani, akashuka mama mmoja wa mjini na binti yake wa shule. Walikuwa wamepotea njia. Binti akakiona kisiki, akaanza kurukaruka: mama, mama, ni kama kile cha kwenye kitabu! Kumbe darasani wanasoma ule msemo wa maneno manne, wa mkulima aliyelinda kisiki akingoja sungura. Mama akaniuliza kama mambo yale hayakutokea pande hizi.

Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema si pande hizi tu. Ni hapa. Kisiki chenyewe ndicho hiki.

Wakapiga picha kumi na moja. Mimi nimo katika sita. Wakaniachia kopo la chai, wakainamisha vichwa, wakasema asante sana, Mwalimu.

Shoka nimelirudisha stoo. Gari moja, bila tangazo lolote! Je, nikitangaza?

Jumatano, 28 Mei

Kwa kuwa sasa tuko wawili katika fani, nimekwenda kuzungumza na Mwalimu Pang. Amestaafu, anafuga ndege wa kuimba, na hana anayemsikiliza isipokuwa hao ndege. Nikamwomba anisimulie kisa chote, maana mimi nilikuwa nakijua nusu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Zamani, enzi za dola ya Song, yaani sisi hapa, mkulima alikuwa analima. Katika shamba lake palikuwa na kisiki. Sungura akatoka mbio, akajigonga kisikini, akavunjika shingo, akafa. Mkulima akapata kitoweo cha bure. Tangu hapo akaweka jembe chini, akakaa kando ya kisiki kungoja sungura mwingine. Sungura hakuja. Nchi nzima ikamcheka.

Basi. Hicho tu.

Mwalimu Pang akasema aliyeandika kisa hicho wala hakuwa na shida na mkulima. Alikuwa anawasema wafalme, wale waliotaka kutawala watu wa leo kwa mbinu zilizowafaa babu zao. Ila siku hizi, akasema, kinamhusu mtu yeyote anayekaa kungoja bahati ije tena kwa njia ile ile. Akanitazama. Sijui kwa nini.

Nikamuuliza mjinga wa kisa kwa nini awe mtu wa Song. Akacheka. Akasema vitabu vile vya kale vikitaka mjinga, vinamchukua kutoka Song. Hata yule aliyevuta miche yake juu ili ikue haraka, akaikausha yote, naye wa kwetu. Wazee wetu walikuwa masalia ya ufalme ulioanguka, na majirani hawakuchoka kuwakejeli.

Iliniuma. Kweli iliniuma! Zaidi ya miaka elfu mbili tunachekwa, na hakuna aliyesimama kusema neno. Hapo nikaamua. Hili si suala la wageni na kopo la chai tena. Ni heshima ya kwetu.

Kabla sijaondoka akanikumbusha kwamba mkunazi ule tuliuangusha pamoja miaka tisa iliyopita, baada ya kupigwa na radi. Yeye ndiye aliyevuta kamba, na kiuno chake hakijapona mpaka leo. Nikamwambia basi hicho ni kitukuu cha kisiki cha kale. Akasema kisiki hakizai.

Huyu ndiye anayelipwa pensheni.

Alhamisi, 29 Mei

Kazi imeendelea vizuri mno. Kisiki nimekipaka chokaa. Nimekizungushia uzio wa fimbo na kamba nyekundu. Ubao nimeuandika mwenyewe: HAPA NDIPO. MKULIMA MVUMILIVU WA SONG ALIMNGOJA SUNGURA MAHALI HAPA. USIKALIE KISIKI.

Nimeweka "mvumilivu" kwa makusudi. Kutafakari kwangu kumenionyesha kwamba yule bwana hakuwa mvivu. Alikosea mambo madogo tu. Hakuweka ubao.

Saiyun alikuja saa nne na birika la maji, akidhani nachimba. Akasoma ubao. Akasoma tena. Akaniuliza, Baba Miaomiao, umepigwa na jua? Miaomiao ni binti yetu aliyeolewa kusini. Mama yake akinitaja kwa jina la mtoto kwa sauti ile ya chini, mambo yameharibika.

Nikamweleza kuhusu dola ya Song. Akasikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema yeye wa Song hawajui. Anachokijua ni ngano hii, kwamba aliipanda yeye, akaipalilia yeye, akaimwagilia wakati wa baridi vidole vikikataa kukunjika, mimi nikiwa nimelala na ule mpango wangu wa kufuga kobe. Kisiki king'oke kabla ya Jumanne. Ngano ikiharibika, yeye anakwenda kwa dada yake mjini, na mimi nitakula kisiki.

Anatania. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, namjua.

Ijumaa, 30 Mei

Shao Gensheng! Jirani yangu kwa upande wa mashariki, mtu mwenye sauti kubwa na trekta dogo. Leo alisimama mbele ya ubao wangu, akakohoa, akausoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio ili wanawake waliokuwa wanavuna vitunguu saumu ng'ambo wasikie. Walisikia. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Kisha akauliza sungura yuko wapi. Kisiki tumekiona, mngojaji tumemwona, sungura je? Amekwenda likizo?

Nilimpuuza. Lakini hoja yake ina uzito. Nimekwenda gulioni nikanunua sungura wa kijivu, mzima, mwenye macho ya akili. Mpango: wageni wakifika, sungura anatoka mbio kwenye ngano, anakigonga kisiki taratibu, anaanguka kando, watu wanapiga makofi. Nimefunga godoro la mtoto kwenye kisiki asiumie. Mimi si katili.

Mazoezi, jaribio la kwanza: sungura alikaa. La pili: nilikimbia mbele yake nikimwonyesha namna. Nilikigonga kisiki mwenyewe kwa goti. Sungura alitazama. La tatu: nilipiga sufuria nyuma yake. Hapo alikimbia, sikatai, ila kuelekea upande wa pili. Ameingia kwenye ngano na sijamwona tena.

Shao aliona yote. Akasema kwa utaratibu, bila kucheka, na hilo ndilo lililonikera zaidi: Kaka Mantang, ukitaka, Jumanne nikishavuniwa mimi, mashine ipitie shambani kwangu iingie kwako kwa ubavuni. Kisiki chako kibaki. Lakini niambie mapema, nisije nikarundika mabua njiani.

Nipitishiwe mashine kwa hisani ya Shao? Halafu kila mwaka anikumbushe? Nikamwambia shamba la Qiu lina mlango wake. Akainua mabega, akaondoka zake.

Jumamosi, 31 Mei

Sikukuu ya mashua za joka. Barabara imejaa magari yanayokwenda kuangalia mashindano mtoni. Nimevaa koti langu la harusi. Nimekaa kando ya kisiki tangu saa moja.

Hesabu ya wageni: mmoja. Alisimamisha gari, akashuka kwa haraka, akazunguka nyuma ya kisiki. Nilianza kumweleza historia. Akaniomba nigeuke kwanza. Alipomaliza akapanda gari akaondoka. Nimemwandika kwenye daftari la wageni hata hivyo.

Saa saba Saiyun akaja na wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya matete, ule wenye tende ndani ninaoupenda. Hatukuwa tumesemezana tangu juzi, lakini sikukuu ni sikukuu. Akanifungulia kamba maana mikono yangu ilikuwa na chokaa. Akakaa juu ya kisiki. Sikumkataza, ingawa ubao unakataza.

Akavunja suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza makapi, akatafuna punje. Akasema zimekauka, bado siku tatu nne zitakuwa tayari kabisa. Akasema redio imetangaza mvua Jumatano. Akasema pia, bila kunitazama, kwamba hajawahi kuniomba mambo mengi.

Ni kweli. Nilitaka kumwambia ni kweli. Nikamwambia angoje kidogo tu, magari yatakuja. Akakusanya majani, akakung'uta suruali, akaenda zake.

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata ufumbuzi. Sijui kwa nini nilichelewa kuuona!

Nilifungua shajara hii ukurasa wa kwanza. Yule mama na binti walikuja lini? Jumanne. Saa ngapi? Saa tatu na nusu. Na mimi mjinga nilikuwa nangoja Ijumaa na Jumamosi! Wageni wa kisiki ni watu wa Jumanne. Nikienda kinyume na siku yao nitawapataje?

Kesho ni Jumanne.

Ndiyo, na mashine inakuja kesho. Nimelifikiria hilo. Mashine inaanza kwa Shao, itafika kwangu saa tano hivi. Gari linakuja saa tatu na nusu. Wageni wanapiga picha, wanaondoka, nang'oa kisiki, mashine inapita. Baada ya hapo nakirudisha kisiki mahali pake. Nafasi ipo ya kutosha. Saiyun ameniuliza kama nimechimba. Nikasema kesho asubuhi, haki ya Mungu. Ameamini. Alitabasamu hata, akaenda kutandaza maturubai uani kwa ajili ya kuanikia.

Jumanne, 3 Juni

Saa tatu na nusu: hapana gari.

Saa nne: hapana. Mashine imeingia kwa Shao. Vumbi mpaka angani.

Saa nne na nusu: Saiyun amefika na magunia begani. Akaona kisiki. Akaona godoro. Akaona koti langu la harusi. Akayatua magunia chini.

Saa tano kasoro: mashine ikaja mbele ya shamba letu, ikasimama. Dereva ni kijana mmoja kutoka mkoa wa Anhui, macho mekundu, wiki nzima halali. Akachungulia akasema mzee, ondoa hicho kitu. Nikamwomba dakika chache. Akasema vijiji vitano vinamsubiri na mvua inamfukuza kwa nyuma. Nikamgeukia Shao, nikataka kuulizia ile njia ya ubavuni. Nilimeza kiburi chote, natamka hapa kwa maandishi. Shao akaonyesha kwa kidevu. Mabua yake yalikuwa yamerundikwa pale pale, mlima mzima. Akasema, nilikwambia uniambie mapema, kaka.

Lakini muungwana ni muungwana. Akaleta trekta lake na mnyororo. Akasema tufunge tuvute, dakika tano tu kimetoka. Alikuwa ameshaupitisha mnyororo kwenye mizizi. Saiyun alikuwa ameshikilia upande mmoja.

Na hapo, ninaapa, nikaona gari. Mbali, kwenye njia ya kutoka mjini. Jeupe!

Nikakaa juu ya kisiki. Nikasema hakuna kuvuta mpaka lile gari lifike. Saiyun akasema inuka. Nikasema dakika mbili. Akasema inuka, Mantang. Hajaniita kwa jina tangu tulipochumbiana. Sikuinuka. Dereva akapiga honi, akatikisa kichwa, akageuza mashine.

Gari likafika. Ni la muuza mayai. Alipunguza mwendo akauliza kama tunataka trei.

Saiyun alitazama mashine mpaka ilipopotea nyuma ya miti. Kisha akavua kofia yake ya mabua, akaiweka juu ya kisiki kando yangu, akaenda nyumbani kichwa wazi kwenye jua lile.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua tangu Jumatano. Ngano imelala yote. Leo nimekwenda kuangalia: punje zimeanza kuchipua zikiwa bado kwenye masuke, vichipukizi vidogo vya kijani. Haifai unga. Haifai mbegu. Bata wa Shao wamekwenda kuionja wakarudi.

Saiyun ameondoka na basi la asubuhi. Mabegi mawili. Alinipikia uji kwanza, akaufunika. Nilimwuliza anarudi lini. Akasema hajui. Nilisimama mlangoni na koleo mkononi nikijidai natafuta kitu. Nimelia kidogo stoo. Hakuna aliyeona.

Jumapili, 8 Juni

Nyumba kimya. Nimekula tambi bila chumvi siku mbili kwa sababu sijui chumvi inakaa wapi.

Mwalimu Pang amekuja na ndege wake mmoja ndani ya tundu, kunifariji. Hakunisimanga. Alikaa tu, ndege akaimba. Mwishowe akasema yule mkulima wa Song watu wanamkumbuka kwa sungura, lakini yeye akilini mwake huwa anafikiria shamba. Nani alikuwa anakula kutoka shamba lile? Kitabu hakisemi. Lazima alikuwepo mtu.

Nikamsindikiza mpaka njiani.

Mchana nimekwenda kwa Shao mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamwomba mnyororo. Hakucheka. Kisiki kimetoka kwa dakika nne. Chini ya mizizi kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo alikuwemo sungura wangu, mnene, ameshiba ngano. Alitutazama, akajinyoosha, akaenda shambani kwa Shao. Ubao nimeupasua kuni. Nimemaliza na kisiki. Nimekoma kabisa! Naandika kwa wino ili isifutike.

Jumanne, 10 Juni

Mungu mkubwa! Saiyun!

Nilikwenda njia panda kununua mikate ya mvuke, maana kupika kumenishinda. Saa nne na dakika arobaini basi la mjini likasimama. Akashuka yeye! Amesahau miwani yake na dawa za presha. Nusura niangushe mikate.

Nikamwambia kisiki kimeng'olewa. Hakuamini, tukaenda pamoja kukiangalia. Alilitazama lile shimo kwa muda. Akaniweka sawa kola ya shati. Akasema nimekonda. Nikasema chumvi iko wapi? Akacheka! Kidogo, lakini alicheka. Chumvi iko kwenye kopo la chai, lile la wageni.

Akanieleza vizuri, kwa kidole. Ngano hiyo iliyooza ilimwe ndani. Mbegu ya mahindi iko nyuma ya mlango, gunia la bluu. Ipandwe kabla ya katikati ya mwezi, zaidi ya hapo imechelewa, baridi itaikuta. Mahindi yakifika magotini nimpigie simu, atarudi. Hataki maneno, hataki ahadi, anataka mahindi ya magotini.

Akarudi na basi la mchana. Alinipungia mkono dirishani.

Jumatano, 11 Juni

Nimetoa gunia la bluu. Nimelitazama. Nimeanza kufikiri.

Mahindi mpaka magotini ni mwezi mzima na zaidi. Mwezi mzima! Wakati jana, bila hata punje moja ardhini, amekuja mwenyewe. Amekuja kwa njia gani? Basi. Ameshukia wapi? Njia panda. Siku gani, saa ngapi? Ninayo hapa, imeandikwa.

Gunia nimelirudisha nyuma ya mlango.

Jumanne, 17 Juni

Njia panda, saa tatu asubuhi. Nimekuja mapema nipate nafasi nzuri. Kwa kuwa hakuna benchi, nimekileta kile kisiki kwa mkokoteni. Kina kimo kizuri cha kukalia, na chokaa imebanduka yote. Nimenunua mikate ya mvuke, idadi ile ile ya siku ile. Nimevaa shati lile lile, kola nimeikunja upande.

Shao alipita na mashine ya kupandia nyuma ya trekta. Akasema amemaliza kwake, mbegu ziko wapi, anipandie na mimi kabla jua halijawa kali, wala hataki kitu. Ana roho nzuri, siku hizi nakubali. Lakini nikimpeleka nyumbani kumwonyesha gunia, na basi likapita? Nikamwambia asinisumbue, nina kazi. Alinitazama, akatazama kisiki, akawasha trekta.

Saa nne na dakika arobaini: basi limefika. Ameshuka muuza mayai.

Hainitishi. Jumanne nyingine iko wiki ijayo, na mahindi ni mahindi tu, yanaweza kungoja. Nimeyafikiria sana mambo haya nikiwa hapa, na hatimaye kosa la yule mtu wa Song nimelijua. Alikaa mahali pabaya.